Mdogo wangu anakunywa, hali chakula, na tumbo linakua. Nimlishe nini?

BintiDeepSea (muulizaji)

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Wakubwa, shikamooni.

Mimi nauza chakula hapa Tanga, jirani na soko la samaki la Deep Sea, mwaka wa kumi na moja huu. Sahani nazijua. Sahani ikirudi naitazama tu, najua mteja kashiba, kakasirika, au hana hela ya kesho. Lakini iko sahani moja inanirudia kila siku kama ilivyokwenda, nayo ni ya mdogo wangu wa kuzaliwa tumbo moja.

Ana miaka 38, anaparua samaki palepale sokoni. Anakunywa. Sisemi anaonja, anakunywa. Asubuhi gongo ya kuzimua, mchana mnazi, jioni chochote atakachokikuta. Viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nyumba nzima tulishukuru, tukadhani sasa atapumzika. Akahamia kwenye gongo, basi.

Nikimwekea bada (ugali wa muhogo) na mchuzi wa samaki anamega matonge mawili, anayachezea humo mchuzini, halafu ananiambia, "Dada nimeshiba, mnazi nao chakula." Kitu pekee anachokula kwa hamu ni ng'onda. Ng'onda wa kuchoma, mkavu, chumvi imemkolea, anamtafuna taratibu huku anasindikizia kinywaji chake. Nikajisemea afadhali, angalau ni samaki. Toka hapo ng'onda hakosi.

Sasa kilichonileta. Tangu Ramadhani iishe watu wanamsifia. "Mdogo wako kanawiri, kapata kitambi." Na kweli tumbo limetoka, mkanda kausogeza matundu mawili. Mimi sitawaficha, nilifurahi. Mpaka juzi kakaa kwenye benchi langu, kainua mkono afute jasho, saa yake ikateleza toka kwenye kifundo ikaenda kusimama karibu na kiwiko. Saa ileile ambayo zamani kuivua atawadhe ilikuwa kazi. Nikabaki namtazama, tumbo la mtu aliyenawiri na mkono wa mgonjwa, kwenye mwili mmoja.

Mengine ni haya. Usiku miguu inamwaka moto, anashuka kitandani anailaza kwenye sakafu ya saruji. Nilimnunulia diklofenaki. Kidole gumba alijikata na kisu cha samaki, mwezi wa pili huu kidonda hakijafunga. Halafu asubuhi moja nilimkuta kalowa jasho la baridi, anaongea ovyo, tukadhani ni ulevi wa jana. Nikamnywesha chai ya sukari nyingi, akazinduka kama aliyewashiwa taa. Zahanati moja walisema ni vidonda vya tumbo, wakampa vidonge, tukarudi nyumbani.

Ramadhani yenyewe alijaribu kuacha, kwa hiari yake. Siku ya kwanza anatetemeka. Siku ya tatu anaona siafu ukutani, anawaokota mmojammoja anawatia mfukoni, na siafu hakuna. Mama akasema hayo majini. Akaja mtu akasoma, ubani ukafukizwa. Usiku wa manane mgonjwa akatoroka akaenda kunywa, akarudi mzima, katulia. Mama mpaka leo anasema ni ubani.

Naomba mnisaidie nimlishe nini arudishe mwili. Na je, nimpe vidonge vya kuongeza damu? Maana viganja vimepauka. Na la mwisho, tumepanga tumfungie ndani wiki moja mpaka pombe imtoke. Wifi yangu kashanunua kufuli.

Msinitukanie ndugu yangu, tafadhalini.

MkulimaMuheza

Pole dada. Ila mnazi msiusingizie. Babu yangu huku Muheza kanywa mnazi tangu ujana, kazikwa na miaka tisini na kitu, meno yake yote. Tatizo ni gongo. Mrudishe kwenye mnazi tu.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Mwambie wifi yako kufuli hilo afungie duka, asimfungie mtu.

Nimekaa wodini miaka 31. Walionitisha zaidi hawakuwa wale wanaoletwa wamelewa, ni wale wanaoletwa siku ya tatu ya kuacha. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unachachamaa. Mikono huanza kutetemeka ndani ya saa 6 mpaka 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege likija, mara nyingi huja katika siku mbili za kwanza. Hao siafu wa ukutani, na homa, na jasho, na mtu kutojua yuko wapi, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Watu hufia hapo. Mdogo wako hakupandwa na jini, na alitulia kwa sababu alikwenda kunywa. Mama usimbishie, hiyo si vita ya leo. Aache, tena aache kabisa, lakini aachie hospitali, wampe dawa ya kutuliza na kuipunguza siku hadi siku. Mpaka mfike huko, msimnyang'anye ghafla.

Hilo la "mnazi nao chakula" lina nusu ya ukweli, ndiyo maana linadanganya watu. Gramu moja ya pombe ina kalori 7, ya wanga au protini ina 4. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye asilimia 5, ina gramu kama 20 za pombe, kwa hiyo kalori 140 hivi kwa pombe peke yake. Njaa inakatika. Lakini humo hamna cha kujenga msuli wala cha kufunga kidonda, na mwili hauna mahali pa kuiweka akiba. Ini linalazimika kuichoma kwanza, kazi nyingine zote zikae foleni. Mojawapo ya kazi hizo ni kutengeneza sukari ya damu wakati mtu hajala. Ile asubuhi ya jasho la baridi sukari ilikuwa imemshuka, na chai yako ndiyo iliyomwokoa. Ikitokea tena, fanya vilevile kama anaweza kumeza, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Lakini kibaya zaidi ni kwamba hata hayo matonge mawili hayamfaidii yote. Kuna vitamini B1, thayamini. Akiba yake mwilini ni ndogo, ya wiki mbili tatu tu. Pombe inazuia utumbo kuifyonza, na ini lililoumia haliitunzi. Chukua mtu anayeshindia gongo, umlishe bada au wali mweupe, ambavyo B1 yake ni haba, mishipa ya fahamu inakaa na njaa. Ya miguuni huanza, kwa kuwa ndiyo mirefu. Moto huo wa usiku ndio huo. Ikifika kichwani, macho yanacheza, mtu anayumba hata siku hajanywa, anapoteza kumbukumbu. Daktari wa Kijerumani, Wernicke, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1881, na mpaka leo watu wanadhani ni ulevi tu, kesho utamtoka.

Vyenye B1 jikoni kwako ni karanga, kunde, choroko, maharage, na dona badala ya sembe. Lakini kwa hali yake chakula peke yake hakitoshi, atahitaji sindano au vidonge. Na hili lishike: mkifika, kabla hawajamtundikia dripu ya sukari, sema kwa sauti kwamba ni mnywaji na hali chakula. Sukari ikiingia kabla ya B1 inamalizia kile kidogo kilichobaki. Daktari anajua, lakini hawezi kujua mlichomficha kwa aibu.

Diklofenaki tupa. Kwa tumbo lililochubuliwa na pombe inaleta kutapika damu, na figo inaziumiza. Vidonge vya damu usimpe kabla hajapimwa. Mnywaji mara nyingi hupungukiwa foliki, vitamini ya kutengeneza damu, siyo chuma, na chuma kikizidi ini ndilo linaloumia. Foliki iko kwenye mchicha, matembele na kunde, ila msichemshe mpaka mboga iwe nyeusi. Sisi watu wa pwani mboga tunaipika kama tuna ugomvi nayo.

Sasa hilo tumbo. Kesho akikaa, mbonye kwa kidole gumba mbele ya ugoko, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Hesabu mpaka kumi, utoe. Shimo linabaki au linarudi? Halafu mtoe nje mchana umtazame weupe wa macho, si kwa taa. Uniambie.

Wewe MkulimaMuheza, mnazi wa asubuhi una sukari, jioni sukari hiyo imeshageuka pombe. Babu yako Mungu amrehemu, ila alikunywa vibuyu vingapi kwa siku, na alikuwa anakula?

MkulimaMuheza

Alikuwa anakula sana, bibi. Na alikuwa analima. Nimenyamaza.

FundiBaiskeli_Mabawa

Dada, huyo ndugu yako ni mimi wa miaka sita iliyopita.

Nilikuwa natengeneza baiskeli, na hapa Tanga baiskeli zilivyo nyingi kazi haikosi. Asubuhi spoku siwezi kuipitisha kwenye tundu lake. Naishika, mkono unacheza, naigonga pembeni, naanza upya. Nikipiga glasi moja ya gongo mkono unatulia kama wa daktari. Basi nikawa naamini gongo ni dawa yangu. Arosto hiyo sikuijua jina lake.

Miguu ilianza kwa moto, shuka ikinigusa vidole naona kama kaa la moto. Nesi amesema kweli. Lakini kuna kinachokuja baada ya moto, na hicho ndicho kinachotisha, kwa sababu kinakuja kama nafuu. Moto ulipoa. Nikamwambia mke wangu nimepona. Siku moja natoka kilabuni, nafika nyumbani, mtoto ananiuliza, "Baba, kandambili yako nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna, una damu, nimekanyaga kipande cha chupa sijui wapi. Sikuhisi kuvuka wala kuchomwa.

Nililazwa siku saba. Nikachomwa hizo sindano za B1, nikapewa dawa ya kutuliza, siku ya tatu na mimi niliona mambo yangu (kwangu walikuwa kunguru). Waliponipima walisema ini lina mafuta, halijaota makovu, na kweli niliporudi baada ya miezi kadhaa bila pombe lilikuwa limesafika. Miguu ilichukua karibu mwaka, na mpaka leo vidole viwili vya kushoto havina habari na mimi. Hamu ya kula ilirudi kama wiki ya tatu. Nakumbuka kilikuwa kiporo cha kunde, nilikula nikalamba sufuria.

Kingine, msimsimange mezani. Mke wangu alikuwa akinipakulia, ananitazama nikila. Nikawa nakimbia sahani kwa sababu ya yale macho. Mwekee, ondoka.

BintiDeepSea

Shimo limebaki.

Nimekanda unga wa maandazi maisha yangu yote. Unga uliokandwa vizuri ukiubonyeza unarudi. Huu haukurudi, bibi, nilihesabu kumi nikatoa kidole, kishimo kikakaa pale, naona alama ya kucha yangu ndani yake. Mwenyewe alicheka, ananiambia, "Dada, unanipima kama embe?" Nikamtoa nje kwenye jua. Weupe wa macho una manjano kwa mbali, kama karatasi ya daftari la zamani.

NesiMstaafu

Basi hicho si kitambi mwanangu, ni maji. Ini hutengeneza protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa ya damu. Likichoka, na likishaota makovu, damu inapita kwa shida na maji yanavujia tumboni na miguuni. Nyama imeyeyuka mikononi, maji yamejaa tumboni, ndiyo maana mkanda unasogea huku saa inateleza.

Na sasa nitakuambia jambo litakalokuuma, wala hukukosea kwa kusudi. Ng'onda amwache leo. Chumvi inayashikilia hayo maji.

Lakini usije ukasikia "ini" ukamnyima samaki, wako watu wanashauri hivyo, na anazidi kuisha. Anahitaji protini kuliko wewe. Mpe samaki mbichi wa siku hiyo, wa kuchemsha kwa ndimu, nyanya na bizari, chumvi usitie. Mayai, maziwa, kunde. Kidogokidogo mara tano sita kwa siku, maana maji yanalibana tumbo na hawezi kumaliza sahani yako ya wavuvi. Na kabla hajalala ale kitu, hili la usiku usiliache. Ini lake haliwezi kuweka akiba ya kumfikisha asubuhi, kwa hiyo asipokula usiku mwili unatafuna misuli yake wenyewe.

Hayo yote ni ya baadaye. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya Bombo. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, au akiamka haelewi yuko wapi, msingoje kesho.

BintiDeepSea

Wapendwa, samahanini kwa kimya. Wiki ya tatu sasa.

Tulikwenda. Alikataa mpaka nikamwambia sitafungua biashara mpaka akubali, na wavuvi wakaja wenyewe kumsukuma, maana njaa. Pale mapokezi niliambiwa nieleze tatizo, nikataka kusema "tumbo", nikakumbuka maneno ya bibi. Nikasema anakunywa gongo kila siku na hali, kwa sauti, foleni nzima ikageuka. Yeye akaangalia sakafu. Sitaisahau ile shingo yake.

Kipimo cha picha kimeonyesha ini lina makovu. Daktari hakutuficha, akasema makovu hayo hayafutiki, ila akiacha kabisa lililobaki linaweza kumbeba. Kalazwa siku tisa. Siafu walirudi, lakini safari hii walikuwa wachache, na nesi wa zamu alikuwa anamuuliza wamefika ngapi. Kapewa B1, kapewa dawa ya kutoa maji, anakojoa mpaka analalamika. Damu ilikuwa chini na ni hiyo foliki, siyo chuma. Mkanda umerudi tundu moja. Mikono bado ni ileile.

Mama kaja wodini na kichupa cha maji ya kombe, yale ya kuoshea maandishi ya Kurani. Nilimwachia amfute usoni. Tulikubaliana ya kunywa apewe na nesi tu.

Ng'onda wangu nimewauza wote kwa jirani. Nilipokuwa nawafunga kwenye gazeti nililia kidogo, bibi, ulisema kweli ingeuma. Kila siku nilikuwa nachagua wale wazuri.

Kula bado ni vita. Fundi, nimefuata ushauri wako, naweka naondoka. Saa tatu usiku napika uji wa dona na maziwa, natia karanga za kutwanga, naacha kwenye kigoda nje ya mlango wake. Usiku wa kwanza, haukuguswa. Wa pili, haukuguswa. Jana alikula nusu bakuli, nusu nyingine akaifunika na sahani, akanambia kwa dirishani ataimalizia alfajiri.

Alfajiri nimekuta bakuli tupu, limelambwa. Ila sahani ya kufunikia ilikuwa chini, na paka wa jirani amelala pembeni. Leo nimeweka jiwe juu.